Mtungi wa maziwa na siku arobaini: Mwili hutoaje kileo na sumu?



Ndugu msomaji, usiku mmoja baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa msikiti wetu hapa Shinyanga alinivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kijana wake amerejea kutoka machimboni Geita. Alikuwa ameishi huko miaka minne, akishinda kwenye maduara na akilala kwenye mialo, na alirejea akiwa mtumwa wa gongo na bangi. Ramadhani ilikuwa imebaki wiki tatu. Mzee alikuwa amemfungia kijana chumbani, bila tone la pombe, na alikuwa akimnywesha mtungi wa maziwa asubuhi na jioni ili “damu isafike” kabla ya mwezi kuandama.

“Katibu, nimefanya vyema au vibaya?” akaniuliza.

Nilimwambia, “Mzee wangu, umefanya vyema kabisa.” Asubuhi yake nilimpelekea lita tano za maziwa mabichi kutoka kwa shemeji yangu mfugaji. Naandika makala haya kwa sababu ya maziwa yale.

Usiku wa pili kijana alianza kutetemeka mikono. Akatokwa na jasho jingi, akasema anaona wadudu wakipanda ukutani. Nyumba nzima ikaamini kuwa ni jini, tukaitwa watu wa msikitini kuja kumsomea. Tukiwa katikati ya kisomo, kijana akakakamaa, akaanguka, akatapatapa huku povu likimtoka mdomoni. Jirani mmoja, mama mtu mzima aliyewahi kuwa muuguzi, aliingia bila kubisha hodi, akasema, “Wanangu, kusoma someni, lakini mtoto huyu apelekwe hospitali sasa hivi.”

Alhamdulillah, tulimfikisha akiwa hai. Daktari hakutulaumu. Alituuliza swali moja tu: “Mlitaka maziwa yatoe nini? Pombe ilikwisha kutoka yenyewe tangu jana.” Hatukuwa na jibu. Sote tulidhani kijana anaumia kwa sababu kileo kimebaki mwilini, kumbe aliumia kwa sababu kilikuwa kimeondoka.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kusoma na kuuliza wenye elimu ya tiba, nami naona ni wajibu wangu kuyaleta kwa wazazi wenzangu niliyojifunza.

Ini na figo

Kila tunachokimeza, kiwe kidonge cha malaria au kitu cha haramu, huingia kwenye damu na kusambazwa mwilini kote. Mwili hauwezi kukihifadhi milele, nao una viungo viwili vikuu vya kukiondoa.

Cha kwanza ni ini, lenye uzito wa karibu kilo moja na nusu kwa mtu mzima. Dawa nyingi zina asili ya mafuta, hivyo haziwezi kutoka na maji ya mkojo moja kwa moja. Ini huzibadilisha, huzivunja au kuziambatanisha na kitu kingine, mpaka ziwe zinazoyeyuka katika maji. Nyingine ini huzimimina kwenye nyongo, zikatoka na choo.

Cha pili ni figo. Katika siku moja figo zetu huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu, zikarejesha karibu yote mwilini, na kutoa lita moja hadi mbili tu zikiwa mkojo. Humo ndimo hupita mabaki mengi ya dawa.

Wapo miongoni mwetu waliokwisha kuiona kazi hii kwa macho. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia dawa zenye rifampisini huona mkojo wake, na wakati mwingine jasho na machozi, vimegeuka rangi ya chungwa. Wengine huogopa wakaacha dawa, wakidhani wanatokwa na damu. Ile ni dawa yenyewe, imemaliza kazi na inaondoka. Katika ukanda wetu wa machimbo, ambako vumbi la mawe huwafanya wachimbaji wengi kuwa wepesi wa kupata kifua kikuu, ni vyema kila familia ikalijua jambo hili. Tena dawa hizo hulipa ini kazi kubwa, na anayechanganya na gongo huliongezea ini hilo hilo mzigo wa pili. Ndiyo maana wagonjwa wengine huishia na macho ya manjano.

Lakini ini halijui halali na haramu, wala halijui lenye kudhuru na lisilodhuru. Lenyewe hubadilisha tu. Gongo iliyopikwa vibaya au kuchanganywa inaweza kuwa na methanoli, na ini likiivunja methanoli hutokea asidi inayoharibu mishipa ya macho. Watu wanaopofuka kwa pombe hiyo hupofushwa na kile ambacho miili yao wenyewe imekitengeneza katika kujaribu kujisafisha.

Kila kitu na muda wake

Dawa nyingi huondoka kwa mafungu. Kila baada ya muda fulani nusu ya iliyopo huwa imetoka. Zikiwa sehemu 80, hubaki 40, kisha 20, kisha 10, kisha 5. Baada ya vipindi vitano hivi huwa imebaki kidogo sana. Tofauti ya dawa na dawa ni urefu wa kipindi hicho.

Pombe ina njia yake. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za pombe huvunjwa na ini, na ini huifanya kazi hiyo kwa mwendo ule ule, iwe nyingi au kidogo. Wafugaji wa huku wataelewa haraka: ni kama mlango mwembamba wa zizi unaopitisha ng’ombe mmoja mmoja. Ukiwachapa walio nyuma, mlango haupanuki. Chupa ya bia ya nusu lita huchukua takriban saa mbili hadi tatu kumalizika. Kahawa kali, maji ya baridi, kukimbia jua kali, maji mengi au maziwa haviuongezi mwendo huo. Sehemu ndogo inayosalia hutoka kwa pumzi, jasho na mkojo, na ndiyo sababu askari wa usalama barabarani anaweza kumpima dereva kwa kumpulizisha kifaa. Hata aliyekunywa sana, kwa kawaida pombe yenyewe humtoka ndani ya siku moja hivi.

Bangi ni kinyume chake. Ulevi wake huisha kwa saa chache, lakini kiini chake hujificha kwenye mafuta ya mwili na kuvuja kidogo kidogo. Aliyevuta mara moja anaweza kuonekana na mabaki kwenye mkojo kwa siku chache. Aliyekuwa akivuta kila siku kwa miaka anaweza kuonekana nayo kwa mwezi mzima au zaidi, ilhali akili yake imekwisha kutulia zamani.

Heroini, ambayo vijana huiita unga, mwili huibadilisha kwa dakika chache tu kuwa mofini, na mabaki yake kwa kawaida huisha ndani ya siku chache.

Basi maziwa yana kazi gani?

Sisi ni watu wa ng’ombe. Maziwa kwetu ni chakula, ni heshima ya mgeni, na tumeyafanya kuwa dawa ya kila sumu. Mchimbaji akitoka shimoni hunywa maziwa kutoa vumbi. Aliyechoma dhahabu hunywa maziwa kutoa zebaki. Mlevi hunyweshwa maziwa kutoa pombe.

Maziwa ni chakula chema na yana manufaa, na katika jambo la dawa yana nafasi yake. Dawa mseto ya malaria, ile ya vidonge 24 kwa mtu mzima vinavyomezwa kwa siku tatu, ina dawa mbili ndani yake. Moja, atemeta, hufanya kazi kwa kasi na kupungua nusu kwa saa chache tu. Ya pili, lumefantrini, hukaa mwilini siku kadhaa ikimalizia vimelea vilivyobaki, nayo huingia vizuri zaidi kwenye damu ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa ale kwanza. Ndiyo maana pia anayeacha vidonge siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka hujidhulumu, kwani dawa ya haraka imekwisha kutoka na ile ya polepole haijatosha.

Kwa hiyo maziwa huweza kuisaidia dawa kuingia. Kuitoa si kazi yake.

Na vumbi? Maziwa huenda tumboni, na vumbi la mawe limekwenda kwenye mapafu. Njia zao hazikutani. Vumbi laini la mawe likishazama ndani kabisa ya mapafu, mwili hauna namna ya kulitoa. Hubaki humo na kuacha makovu.

Zebaki ni jambo la kina mama na watoto hasa. Mchimbaji anapochoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki, mvuke hauonekani wala haunuki. Akiuvuta, karibu sehemu nne kati ya tano za alichovuta huingia kwenye damu, zikaenda kwenye ubongo na figo. Huchukua takriban miezi miwili kwa nusu yake tu kutoka. Anayechoma kila wiki, basi, huongeza kabla ya kupunguza. Mvuke huo humfikia pia mtoto aliye tumboni. Baba anayechomea dhahabu kwenye jiko la nyumbani, kisha akampa mkewe mjamzito kikombe cha maziwa kuwa kinga, hajamkinga. Kinga ni kuchomea mbali na makazi, tena ndani ya chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, ambacho wachimbaji wengi wanakijua kwa jina la retoti, na kutokitumia kamwe chungu au sufuria ya nyumbani kwa kazi hiyo.

Siku arobaini

Sasa narudi hospitali. Siku ya tatu kijana alipopata fahamu, neno lake la kwanza kwangu lilikuwa swali: “Katibu, zile siku arobaini nianze kuzihesabu leo?”

Aliniambia kwamba alipofika machimboni mwaka wa kwanza alikuwa akiswali. Siku alipokunywa kwa mara ya kwanza, mwenzake alimwambia kuwa pombe hukaa mwilini siku arobaini, na mwenye pombe mwilini hana swala. Akaacha kuswali asubiri zitimie. Kabla hazijatimia akanywa tena, akaanza kuhesabu upya. Miaka minne akawa anahesabu, na siku arobaini hazikutimia hata mara moja.

Ndugu msomaji, maneno haya yanazagaa katika vijiwe vyetu, nasi viongozi wa misikiti tumeyanyamazia. Asili yake ni mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yanayoonya kuwa anayekunywa kileo swala yake haikubaliwi kwa siku arobaini, na kwamba akitubu, Allah huipokea toba yake. Mafundisho hayo hayakusema kwamba pombe inakaa mwilini siku arobaini. Wala wanazuoni hawakuyafahamu kuwa ni ruhusa ya kuacha swala. Wamefafanua kuwa mtu huyo hukosa thawabu ya swala zake kwa adhabu ya alilofanya, lakini wajibu uko pale pale, na akiziacha ameongeza dhambi kubwa juu ya dhambi kubwa. Mlango wa toba uko wazi siku ya kwanza kama ulivyo wazi siku ya arobaini.

Linalomzuia mtu kuswali ni kulewa kwenyewe, yaani kutojua anachokisema. Akili ikirejea, wajibu umerejea. Kijana hangoji mkojo wake upimwe. Anaoga, anatia udhu, anatubu na kuswali, hata kama mabaki ya bangi bado yamo kwenye mafuta ya mwili wake.

Kutoka mwilini si kupona

Kosa letu la pili lilikuwa kuamini kwamba kitu kikitoka, mtu amepona. Pombe huutuliza ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa muda mrefu, ubongo hujifunza kuvuta upande wa pili ili usilale, kama watu wawili wanaovutana kamba. Ukikata upande mmoja ghafla, wa pili huanguka kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho tulichokiita jini. Mtetemeko huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho, degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuchanganyikiwa kukali huweza kufuata siku ya pili hadi ya nne. Watu hufa katika hali hiyo. Hospitalini kuna dawa za kuutuliza ubongo, ambazo hupunguzwa hatua kwa hatua hadi kuachwa, pamoja na vitamini ambayo mwili wa mlevi huwa umeipoteza.

Tukumbuke kwamba hata uharamisho wa kileo katika Uislamu ulikuja kwa hatua, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi wa viumbe vyake. Leo uharamu umekamilika na hakuna wa kuulegeza. Lakini katika kumtibu aliyekwisha kunasa, hatua za daktari hazipingani na dini.

Kwa anayetumia heroini hatari ni nyingine. Maumivu ya kuacha huwa makali siku ya pili na ya tatu, na hupungua baada ya wiki hivi. Familia hufurahi, hufungua mlango. Lakini mwili wake umekwisha kusahau kile kipimo kikubwa alichokizoea. Akirudia kipimo kile kile, pumzi husimama. Wapo waliokufa wiki chache tu baada ya wazazi wao kushukuru kuwa wamepona. Kwa sababu hiyo nchi yetu ilianzisha tiba ya methadoni katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, na kwa sisi wa Kanda ya Ziwa huduma hiyo hupatikana katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure, Mwanza. Methadoni hutoka mwilini polepole, kwa hiyo mgonjwa hunywa mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu, na hana haja ya kukimbizana na maumivu kila baada ya saa chache.

Familia ifanye nini?

Kwanza, mtu aliyekuwa akinywa kila siku asifungiwe chumbani aache ghafla bila kumwona mganga wa hospitali. Mpelekeni siku ile ile anaposema anataka kuacha. Mkimwona anatetemeka, anaona visivyokuwepo au ana degedege, hiyo ni dharura hata kama ni usiku wa manane.

Pili, kisomo kiendelee. Kusoma na kutafuta tiba vyote vimo katika mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.), na kimoja hakikifukuzi kingine.

Tatu, mwambieni daktari kila kitu, yaani gongo, bangi, dawa za miti shamba na za dukani. Ini ni moja, na daktari hawezi kulilinda dhidi ya asichokijua. Karibu na Ramadhani mwulizeni pia ratiba ya dawa. Nyingi zinaweza kupangwa kwa daku na futari, na ambaye hawezi kufunga Allah amempa ruhusa.

Nne, msiihesabu kazi kuwa imekwisha wiki ya kwanza. Mwili hujitolea wenyewe kilichoingia, kwa mwendo aliouwekea Muumba wake. Kinachobaki baada ya hapo ni marafiki wa zamani, ukosefu wa kazi, aibu na usingizi usiokuja. Hivyo ini haliviondoi. Hiyo ni kazi ya baba, mama, mke na msikiti.

Kijana wetu alianguka mara moja tena, mwezi wa pili baada ya Idi. Baba yake hakumfukuza wala hakumfungia. Alimshika mkono wakaenda kliniki pamoja, na Magharibi ile wakawa safu moja msikitini. Baada ya swala nilimwona kijana akihesabu kwa vidole, moyo ukanishtuka, nikadhani amerudia hesabu zake za siku arobaini. Nilipomkaribia nikasikia kuwa anavuta uradi.

Mtungi wa maziwa bado upo nyumbani kwao. Nilipowatembelea wiki iliyopita nilikaribishwa kikombe, nami nikanywa nikashukuru.